Rahisi Isiyo Ghali

Mkulima mzoefu ana kipimo chake cha unyevu. Anachota udongo, anaufinya kiganjani, kisha anafungua vidole na kutazama kama bonge limeshikamana au limemomonyoka. Kipimo hicho ni kizuri na hakitaki betri. Udhaifu wake ni kwamba mkono hufika sentimita chache tu chini ya uso wa ardhi, na hufika siku ambayo mwenye mkono yupo shambani. Kinachotokea kwenye kina cha sentimita 40, saa nane za usiku, siku ya tatu baada ya mfereji kufungwa, mkono haukijui.

Kinasa data hukijua. Ni kiboksi chenye betri, saa, kumbukumbu na nyaya zinazozama ardhini hadi kwenye vihisi. Kila baada ya muda uliopangwa kinaamka, kinapima, kinaandika, kinalala. Kampuni zinazohudumia watafiti na mashamba makubwa huuza vinasa hivi, na seti moja pamoja na vihisi vyake huweza kufika mamia ya dola. Lakini wapo watu wanaovijenga wenyewe kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo, kwa vipande vinavyopatikana Kariakoo, Luthuli Avenue ya Nairobi, au kwa kuagiza China na kusubiri.

Wahenga walisema rahisi ghali, na katika kazi hii hawakukosea. Kila kipande cha bei ya chini kina kasoro yake, na mnunuzi asiyeijua ataigharamia baadaye kwa msimu mzima wa takwimu zisizo na maana. Fundi hodari hukubali kulipa gharama hiyo mapema, mezani, kwa kukagua, kupima na kuziba. Gharama haiondoki, yeye huihamisha kutoka kwenye pochi na kuilipa kwa umakini.

Tuanze na kihisi, maana hapo ndipo wengi huanza na ndipo wengi huishia. Kinachouzwa rahisi kuliko vyote ni uma wa meno mawili uliopakwa tabaka jepesi la madini ya rangi ya fedha. Unauchomeka kwenye udongo, umeme unapita kutoka jino moja hadi jingine, na udongo ukiwa na maji mengi unapita kwa wepesi. Siku ya kwanza unapendeza. Tatizo ni kwamba umeme unaokwenda upande mmoja tu, ndani ya maji yenye chumvi za ardhini, hulila jino moja taratibu. Baada ya wiki kadhaa uma uliochomolewa huwa umebaki na njia nyeusi pale palipokuwa na shaba. Wakati wote huo kifaa kiliendelea kutoa namba, na namba zilionekana kuwa za kuaminika.

Kinga ya tatizo hili ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1940, huko Michigan nchini Marekani, George Bouyoucos na A. H. Mick walieleza namna ya kuzika vipande viwili vya chuma ndani ya bonge la jasi, yale madini ya dari na chaki. Jasi hunyonya maji kutoka kwenye udongo na kuyarudisha udongo unapokauka, na kwa kuwa nayo huyeyuka kidogo kidogo, maji yaliyomo ndani yake huwa tayari yamejaa chumvi yake yenyewe. Chumvi ya mbolea inayopita nje haivurugi sana kipimo. Vihisi vya Watermark vinavyotumika leo katika mashamba mengi ni uzao wa wazo hilo: ndani mna kidonge cha jasi na chembechembe zilizoshindiliwa. Vikilowa kabisa, ukinzani wake huwa takriban omu 550. Udongo ukikauka hadi mizizi ivute maji kwa nguvu ya kilopaskali 200, ukinzani hupanda hadi karibu omu 28,000.

Kuusoma ukinzani huo bila kuumiza kihisi ni kazi ya kutazamwa kwa karibu. Fundi hutumia pini mbili za maikrokontrola, ile chipu ndogo iliyo katikati ya bodi za Arduino tangu bodi hizo zilipozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kati ya pini hizo anaunga rezista anayoijua thamani yake, halafu kihisi, na waya mwembamba unatoka katikati ya viwili hivyo kwenda kwenye pini ya kupimia. Programu inaipa pini ya kwanza volti 3.3 na ya pili sifuri. Inasubiri kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, inasoma. Kisha inageuza: ya kwanza sifuri, ya pili volti 3.3, muda ule ule, inasoma tena. Halafu zote mbili zinazimwa. Umeme umekwenda na kurudi kwa kiasi sawa, na hakuna chuma kilicholiwa. Kuna faida ya pili. Vyuma vilivyolowa ndani ya udongo hutengeneza vijivolti vyake vyenyewe. Usomaji wa kwanza unaviongeza, wa pili unavipunguza, na wastani wa viwili unavifuta.

Faida ya tatu hupatikana bure kwa anayejua kupanga. Betri zikichoka, volti hushuka. Hata hivyo umeme unaolisha kihisi ndio huo huo chipu inaoutumia kama kigezo cha kupimia, kwa hiyo vyote hushuka pamoja na uwiano unabaki pale pale. Fundi aliyeunga saketi namna hii hahitaji kipande cha ziada cha kurekebisha volti. Ameondoa tatizo kwa mpangilio wa waya.

Linabaki joto. Ukinzani wa vihisi vya aina hii hubadilika kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, na udongo wa juu hupashwa na kupoa kila siku. Usipoliangalia hilo, grafu yako itaonyesha udongo ukilowa kila alasiri bila tone la mvua. Ndiyo maana kando ya kihisi huzikwa kipimajoto kidogo, mara nyingi DS18B20, chenye namba yake ya kipekee kutoka kiwandani. Hata hapo jicho linahitajika, kwa sababu soko limejaa vya bandia. Fundi huviweka vyote kwa pamoja katika chupa ya maji yenye barafu na kuvitoa vile visivyosema sifuri.

Aina ya pili ya kihisi haipitishi umeme kwenye udongo hata kidogo. Ni ubao mwembamba wenye njia za shaba zilizofunikwa kwa rangi, na hupima uwezo wa udongo wa kuhifadhi chaji. Fizikia yake ni nyepesi: katika kipimo hicho hewa ni 1, udongo mkavu ni kati ya 3 na 5, maji ni karibu 80. Kwa hiyo maji kidogo tu yakiingia, ubao unayahisi. Kinachoupigisha mapigo ni chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na bado inatengenezwa kwa wingi. Mbao hizi huuzwa kwa dola chache, nazo ndizo shule nzuri ya ukaguzi.

Fundi akifungua mfuko wa mbao kumi, hazichomeki. Anachukua lenzi na kusoma maandishi juu ya chipu. Inayofaa ni TLC555, inayofanya kazi hata kwa volti 2. Baadhi ya watengenezaji huweka NE555, inayotaka angalau volti 4.5, na ubao huo ukiunganishwa na mfumo wa volti 3.3 hutoa namba za kubahatisha. Kisha anachukua mita na kugusa pini ya matokeo na ile ya ardhi. Anatarajia kuona takriban omu milioni moja. Katika mafungu mengine rezista hiyo imeachwa bila kuunganishwa na ardhi, kosa la mchoro lililonakiliwa kiwanda hadi kiwanda, na ubao wa namna hiyo ukitumbukizwa majini hujikokota kabla ya kufikia namba yake. Waya mmoja mwembamba uliolehemiwa mahali pake unautibu. Mbao zisizotibika zinakwenda kwenye kopo la vipuri.

Baada ya hapo inakuja kazi ya mikono. Ubao umekatwa kwa mashine, na kingo zake zimebaki wazi. Nyuzi za ndani hunyonya maji kama utambi. Kwa wiki kadhaa namba husogea upande wa unyevu ingawa shamba linakauka. Kwa hiyo fundi anasugua kingo kwa msasa laini, anazifuta kwa spiriti, anazipaka rangi ya kucha, anaacha ikauke, anarudia. Sehemu ya juu yenye chipu anaivika mpira unaonywea kwa joto, anamimina gundi ya epoksi ndani, kisha anaupasha mpira hadi gundi ichungulie pande zote mbili. Ikichungulia upande mmoja tu, anajua ndani mna uwazi wa hewa, na anaanza upya. Rangi ya kucha inauzwa kila genge. Anayejua ni wapi pa kuipaka ndiye adimu.

Sasa tuje kwenye usingizi, ambao kwangu ndio kiini cha ufundi huu wote. Chukua betri tatu za AA, uzikadirie kubeba miliampea-saa 2,000. Bodi ya Arduino Uno ikiachwa macho hula karibu miliampea 50 bila kufanya lolote la maana, na betri hizo zinaisha kabla ya siku mbili kutimia. Fundi anachukua badala yake bodi ndogo ya Pro Mini na kuandika programu inayoilaza chipu na kuiamsha kila dakika 15. Tuseme kila mwamko, pamoja na kuandika kwenye memori kadi, unachukua sekunde moja kwa miliampea 50. Miamko 96 ya siku nzima inakula miliampea-saa 1.3 hivi. Na usingizi? Bodi, saa na kadi zikinyonya kwa pamoja miliampea 0.2, siku nzima inakula 4.8. Jumla ni 6.1, na betri zinafika karibu miezi kumi na moja.

Tazama hesabu hiyo vizuri: kulala kunakula zaidi ya mara tatu ya kufanya kazi. Anayetaka kurefusha maisha ya kifaa hana sababu ya kuhangaika na kasi ya upimaji. Anahangaika na yale yanayovuja wakati hakuna kinachotendeka. Juu ya bodi kuna taa ndogo nyekundu inayowaka mradi umeme upo. Ikinyonya miliampea moja tu, inaongeza 24 kwa siku, na miezi kumi na moja inashuka kuwa miwili na siku chache. Fundi anaing'oa kwa ncha ya chuma cha kulehemu kabla ya kuunga kitu kingine chochote. Kisha anaigeukia kadi, ambayo hata isipoandika huendelea kunyonya. Juu ya bodi ya saa kuna kumbukumbu ndogo ya baiti 4,096 ambayo wengi hawaijali. Kipimo kimoja kikichukua baiti 16, zinaingia vipimo 256, zaidi ya siku mbili na nusu. Basi vipimo vinarundikwa humo, kadi inakatiwa umeme kwa transista, inaamshwa mara moja kila baada ya siku mbili kumeza fungu lote, na inakatiwa tena.

Saa yenyewe, DS3231, inastahili aya yake. Ndani yake mna kipimajoto kinachorekebisha mapigo, na katika joto la kati ya nyuzi 0 na 40 haipotezi zaidi ya dakika moja hivi kwa mwaka. Ndiyo inayomgusa bega maikrokontrola wakati wa kuamka ukifika. Lakini bodi za rahisi zinazoibeba zina mtego: zimepangwa kuchaji betri yake ya kidonge, na wauzaji huweka mara nyingi kidonge cha CR2032 kisichochajika. Kikichajiwa kinaweza kuvimba na kuharibika. Dawa yake ni kung'oa rezista moja ndogo kuliko punje ya mtama. Hakuna karatasi inayokuja na bodi inayosema hivyo.

Waliofikisha elimu hii mbali ni Patricia Beddows wa Chuo Kikuu cha Northwestern na mwenzake Edward Mallon, waliohitaji vinasa data vya kuacha ndani ya mapango yaliyojaa maji katika rasi ya Yucatán, Mexico. Pangoni kwenye maji hakuna atakayekwenda kubadilisha betri kila wiki. Walitumia bodi hizi hizi za Pro Mini, saa hizi hizi, memori kadi za dukani, na viungio vya mabomba ya PVC kama makasha, na mwaka 2018 walichapisha maelezo yao katika jarida la Sensors ili kila anayetaka ajenge. Kinachovutia katika kazi yao ni kiasi cha subira kilichomo. Vifaa hukaa mezani vikiendeshwa kwa majaribio kabla ya kupelekwa, na kile kinachokufa kinakufa mbele ya macho ya aliyekijenga.

Shamba nalo lina maadui wake. Panya hutafuna nyaya, kwa hiyo nyaya hupitishwa ndani ya bomba. Sisimizi hupenda kiboksi chenye joto. Mvua hutambaa juu ya waya hadi kwenye tundu, kwa hiyo waya hulegezwa ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, maji hayapandi. Ndani huwekwa vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na kihisi hakizikwi ovyo. Tundu huchimbwa kwa kekee yenye upana wa kihisi chenyewe, udongo uliotoka hukorogwa na maji kuwa tope, tope humiminwa, kihisi kilicholowekwa usiku kucha husukumwa ndani yake. Uwazi wa hewa usiozidi unene wa ukucha unatosha kukifanya kihisi cha jasi kikae kikavu ndani ya udongo uliolowa.

Yote hayo yakikamilika, kinasa data chenye ubao bado hakijui unyevu ni nini. Kinajua volti. Mizani ya dukani haiaminiki hadi iwekewe jiwe linalojulikana uzito, na jiwe la kazi hii ni udongo wa shamba lenyewe. Fundi huchukua udongo huo, huujaza kwenye makopo kadhaa kwa viwango tofauti vya maji, husoma kihisi katika kila kopo, kisha hupima uzito, hukausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24, na kupima tena. Kopo lililokuwa na gramu 120 likabaki gramu 100 lilikuwa na maji asilimia 20 ya uzito mkavu. Udongo huo ukiwa na gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo, hiyo ni asilimia 26 kwa ujazo. Nukta tano au sita za namna hiyo huchora mstari, na mstari huo ni mali ya shamba lile. Asilimia 25 katika mchanga ni udongo unaochuruzika maji. Katika mfinyanzi mzito, mmea unaweza kuwa umeanza kunyauka. Aliyenakili mstari wa mtu mwingine amenakili udongo wa mtu mwingine.

Matunda ya uangalifu huu yameonekana Iringa. Kuanzia 2013, mradi uliofadhiliwa na shirika la Australia la ACIAR uliingia katika skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi, pamoja na nyingine Msumbiji na Zimbabwe, ukiwa na vihisi vya Chameleon kutoka kwa Richard Stirzaker wa taasisi ya utafiti ya CSIRO. Navyo ni vya ukinzani na jasi, lakini Stirzaker aliificha namba na kumpa mkulima taa: buluu udongo ukiwa umelowa, kijani ukiwa wastani, nyekundu ukiwa mkavu, mpaka kati ya buluu na kijani ukiwa kwenye kilopaskali 20 na ushei, na wa nyekundu kwenye 50 hivi. Wakulima waliona buluu ikidumu siku ambazo kwa mazoea wangefungua mfereji. Wakapunguza mara za kumwagilia, wakaokoa muda, na mbolea ya naitrojeni ikaacha kuzama na maji chini ya mizizi. Taa tatu zilitosha kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mtu aliyejua kila omu inasema nini.

Kwa hiyo mtu akikuletea kinasa data cha bei nafuu na kukusifia bei yake, usibishane naye juu ya bei. Mwombe akuonyeshe mahali taa nyekundu ya bodi ilipong'olewa. Mwombe akuonyeshe kingo za ubao zilivyozibwa, na kifaa kilichokaa mezani kwake miezi kadhaa bila kukosa mstari hata mmoja. Mwisho mwombe karatasi ya makopo ya udongo. Akiwa nayo, nunua, gharama ameshailipa. Asipokuwa nayo, utailipa wewe.